Mti Ulipona Mama Alipoondoka

Rafiki yangu, wewe unayenijua utacheka nikikuambia kwamba nimekaa sebuleni kwangu hapa Oli, mtaa wa Arua, mtu mzima na mvi zangu, nikililia jani la mti. Tena si mti wa shambani. Ni mkuyu wa ndani, ule wa majani mapana yanayong'aa, ambao siku hizi watu wa Arua wanauweka karibu na televisheni kama mgeni aliyekataa kuondoka. Kijana wangu aliununua kwa wauza miche wa barabarani, akauleta juu ya bodaboda, ameukumbatia kama bibi harusi. Tuliupenda sote. Ulikaa vizuri, ukatoa majani mapya, halafu ukaanza kubadilika. Yale majani ya chini yakapata madoa ya kahawia, moja hapa, moja pale, kama mtu amezima sigara juu yake. Madoa yakapanuka. Majani yakaanza kuanguka yenyewe, tunayakuta sakafuni asubuhi.

Jirani yangu, mwanamke wa Adumi anayeuza muhogo sokoni, alikuja kunywa chai, akautazama mti, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna wanawake mkono wao ni mzito. Wakigusa mti, mti unakufa. Mdomo wake ulikuwa kwangu lakini jicho lake lilikuwa jikoni, ambako mke wa kijana wangu alikuwa anaosha masufuria. Binti huyu amezaliwa Ediofe, ameingia kwangu si zamani, na tumbo lake bado halijaonyesha kitu. Unajua vile watu wanavyohesabu. Nilimwongezea chai. Jirani alipokwenda nikamwita yule binti, nikanyoosha kidole kwenye chungu, nikasema, "Umefanyia nini mti?"

Akafuta mikono kwenye kitenge. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mama, mimi nachunga tu," akasema, kisha akarudi kwa masufuria yake.

Nikakaa chini. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, maana maneno yale hayakuwa yangu. Nilishayasikia Koboko nikiwa mtoto, neno kwa neno, swali na jibu. Swali lilitoka mdomoni mwa mtu ambaye maisha yangu yote nimemchukia. Na sasa mdomo ulikuwa wangu.

Boma letu la Koboko ungelipenda. Babu alikuwa askari wa zamani, na hata baada ya kuvua magwanda hakuvua uaskari. Kuku wake aliwakagua kila asubuhi kama gwaride, na jogoo akichelewa kutoka bandani alitukanwa kwa Kiswahili cha kambini. Bibi alikuwa mtu wa sauti ndogo na mikono mikubwa. Naukumbuka msimu wa kiangazi kuliko misimu yote: upepo wa kutoka upande wa Sudani na vumbi lake jekundu, moshi wa majani yanayochomwa vilimani, muhogo uliomenywa umetandazwa juu ya mawe kama meno. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaonata, na majani ya kunde yaliyopikwa na simsim ya kusaga, yaani ufuta. Mama yangu ndiye aliyeisaga simsim, kwa jiwe, amepiga magoti, akiimba nyimbo za kwao ambazo sisi hatukuzijua.

Mama alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Baba, naye askari, alikutana naye huko akamleta nyumbani, kisha akarudi kambini, akawa mtu wa kuja likizo tu. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kwao, mutu na bantu, na watoto wa boma walimwigiza wakicheka. Yeye alicheka pamoja nao. Babu alimpenda kwa sababu alifanya kazi bila kuambiwa, akampa kipande cha shamba karibu na kijito, udongo mweusi, mahali ambapo hata kiangazi kunde zilibaki mbichi. Kumbuka kipande hicho. Kila ubaya una shamba nyuma yake.

Babu alikufa katikati ya kiangazi. Kwetu, mzee wa boma akizikwa hupandiwa mkuyu kichwani pa kaburi, na kitawi hukatwa kutoka mkuyu wa kaburi la baba yake, ili wazee washikane. Lakini kiangazi udongo ulikuwa kama tofali. Desturi ilikuwa hivi: kitawi kinawekwa kwenye chungu, kinakaa ndani ya nyumba ya mjane mpaka mvua ya kwanza, ndipo kinapelekwa kaburini. Wakati huo wote mti ni babu mwenyewe. Ukitoa majani, amekwenda vizuri. Ukikauka, kuna mtu nyumbani aliyemkosea, na lazima atafutwe. Kazi ya kuutunza huwa ya mke mdogo wa boma, na mke mdogo alikuwa mama.

Aliutunza, rafiki yangu. Niliona kwa macho yangu. Aliugeuza kuelekea mlango upate mwanga, akayapangusa majani kwa kitambaa chenye maji kwa sababu ya lile vumbi. Kitawi kikatoa majani, mapana kama kiganja cha mtoto, na bibi akapiga vigelegele peke yake ndani ya nyumba.

Halafu waombolezaji wa mbali wakaanza kufika. Walikuja kutoka vijiji vyote, na askari wenzake wa zamani wakaja na makoti yao. Kila mmoja aliingia kwa bibi, akakaa kwenye mkeka, akapewa kwete, ile pombe yetu ya nafaka. Na kabla ya kuinuka, kila mmoja alimwaga funda la mwisho kwenye chungu. Asiyekunywa kwete alimwaga maji. "Kunywa, mzee," walisema. Hakuna aliyetaka kuonekana mchoyo mbele ya babu. Kwa kuwa chungu kilikuwa cha zamani, kimepasuka chini, maji yalivuja sakafuni, na baba mkubwa, kaka yake baba, akaona vibaya. Alisema heshima ya mzee haiwezi kuvuja ardhini kama mkojo wa mbuzi. Akachukua udongo wa mfinyanzi, akaziba ufa wote, akalainisha kwa kidole chake. Alijisifu kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimesimama pale.

Baada ya hapo majani yakaanza kuwa ya kahawia. Yale ya chini kwanza.

Nasema wazi, maana waliokuwepo hawakusema. Mwenye kosa wa kwanza ni baba mkubwa, aliyelitaka lile shamba la kijito tangu babu alipokuwa bado anapumua. Wa pili ni shangazi, dada yake, aliyesimama mbele ya watu akasema amemwona mama akimwaga maji ya chumvi kwenye chungu. Shangazi hakuona kitu. Siku hizo macho yake yalikuwa yanamuuma hata hakuweza kuchambua mchele. Lakini baba mkubwa alihitaji shahidi, na shangazi alihitaji mahali pa kula.

Wakakitoa chungu nje mchana, wakakiweka katikati ya uwanja kama mshitakiwa. Boma zima lilikaa kuzunguka. Baba hakuwepo, alikuwa kambini mbali, na ujumbe hakupelekewa. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti la babu, ingawa jua lilikuwa kali na jasho linamtoka puani.

"Umefanyia nini mti?" akamuuliza mama.

"Mimi nachunga tu," mama akasema.

"Mutu ya ng'ambo itachunga nini ya mzee wetu? Hata kuongea hajui."

Watu wakacheka. Baba mkubwa alikuwa ameyasema kwa kumwigiza, ndiyo maana walicheka. Mama akawatazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali fulani. Mwisho akamtazama bibi. Bibi alikuwa na ungo wa simsim mapajani, anaondoa mawe. Hakuinua kichwa. Nakumbuka vidole vyake vikitafuta mawe ambayo hayakuwemo tena.

Mama akafunga kitenge, akaweka mzigo kichwani, akaondoka kwa njia ya mpaka. Mimi sikuruhusiwa kwenda, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Watoto wenzangu walikuwa wananong'ona kwamba mama yangu ameua mti wa babu, na mimi, badala ya kumkimbilia, nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa mdogo. Hata hivyo vidole vile bado naviona.

Asubuhi bibi aliniita ndani. Akafunga mlango, akakilaza chungu juu ya gunia, akautoa mti na udongo wake wote. Harufu ilitupiga usoni, harufu ya muhogo uliosahauliwa majini. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza kama utumbo. Bibi akaibana kwa vidole, ngozi ikatoka, ndani ikabaki kamba nyembamba.

"Mti iko nalewa," akasema. Nikacheka, naye akacheka kidogo. Akasema babu alikuwa akijua kuacha kikombe, lakini mti wake hakuna aliyeuuliza kama umetosheka.

Akachukua jani la kahawia akanifundisha kulisoma, mimi ambaye sijawahi kusoma kitu kingine vizuri katika maisha yangu. Jani lenye kiu, alisema, hukauka kuanzia ukingoni na nchani, ukilikunja linalia kama karatasi. Jani lililozama huanza na doa katikati au karibu na kikonyo, kahawia nzito, laini, na linaanguka likiwa bado na uzito. Ukiona hivyo, mkono wako urudi nyuma, maana mti wenye mizizi iliyooza unalegea kama wenye kiu, na mjinga huuongezea maji. Akakata mizizi yote myeusi kwa kisu cha mboga, akaacha ile michache iliyokuwa myeupe na migumu. Akaipaka majivu. Akautoboa ule udongo wa baba mkubwa ulioziba chini ya chungu, akaweka changarawe, vipande vya mkaa, kisha udongo wa kijito uliochanganywa na mchanga. Akayakata majani yaliyoharibika ili mti usibebe wagonjwa wengi. Akauweka karibu na mlango, jua la asubuhi liuguse kidogo, na akaniambia nisiusogeze tena, maana mti unaohamishwa kila siku hauji kujua nyumbani ni wapi. Mgeni akija, aliufunika kwa ungo. Maji aliupa tu alipoingiza kidole kwenye udongo na kukitoa kikavu.

Nikamuuliza, basi mama arudi? Bibi alikuwa ananawa mikono. Akanawa muda mrefu. Akasema, "Usiseme kwa watu."

Na hapa, rafiki yangu, namtaja mwenye kosa wa tatu, ingawa ulimi wangu unakuwa mzito kwa sababu ndiye aliyenilea. Bibi alijua. Kusema kungekuwa kumwaibisha mwanawe wa kwanza mbele ya boma, na waombolezaji wote waliokuja kwa heshima. Alichagua kuuponya mti kimya kimya. Na mti ukapona. Ukatoa jani, likafunguka jekundu kidogo kisha kijani, ukatoa lingine. Baba mkubwa akawaita watu waje waone. "Mnaona? Mwanamke ameondoka, mti umepona." Nani angebisha? Kila jani jipya lililotoka lilikuwa shahidi dhidi ya mama. Dawa ya bibi ndiyo iliyomfungia mlango. Mvua ilipofika wakaupanda kaburini kwa ngoma, na lile shamba la kijito likapandwa tumbaku ya baba mkubwa.

Halafu vita vikaja. Hilo sitakusimulia, waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo wataona naongeza chumvi. Baba hakurudi kutoka alikokuwa. Sisi tulikimbia na nguo tulizovaa, bibi, shangazi, baba mkubwa na watoto, tukavuka mpaka kwa miguu. Shule yangu iliishia hapo, darasa la tatu. Tulipofika ng'ambo hatukuwa na mtu wa kwenda kwake. Tulikuwa na mmoja tu. Baba mkubwa alisita njia panda, akajifanya anatoa mwiba mguuni, kisha akafuata.

Mama alikuwa anakaa katika boma la kaka yake. Alitoka na jembe mkononi, akanitazama, akalitupa jembe. Hayo mengine ni yangu.

Akatupikia. Ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki mkavu. Baba mkubwa alikula akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza akasukuma bakuli mbele kidogo, aongezewe mchuzi. Mama akamwongezea. Nilitaka ardhi inimeze mimi, ambaye sikuomba mchuzi wowote. Ukitaka kuijua aibu, mtazame mtu wa damu yako akilishwa na mkono aliouita mchafu.

Bibi peke yake hakugusa chakula. Mama akasogea, akamwekea tonge mkononi kama mtoto. Bibi akaanza kusema, mbele ya wote, na shangazi akageuka kutazama ukuta.

"Mwanangu, ile mti haikuwa wewe. Ilikuwa imejaa maji. Mimi niliona mizizi."

"Nilijua, mama," mama akasema. "Nilikuwa nangojea mutu moja tu aseme. Kula."

Bibi akala, na machozi yakashukia kwenye ugali. Baba mkubwa akasema mchuzi una pilipili.

Sasa hakuna aliyebaki. Bibi alizikwa kule kule ukimbizini. Mama naye, baadaye, kwenye udongo wa kaka yake, na hakuna aliyempandia mkuyu, maana kwao si desturi na kwetu hakuwa mtu. Tuliporudi Koboko mkuyu wa babu ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, ndege wamejaa. Baadaye watoto wa baba mkubwa waliukata wakachomea matofali. Nilipokwenda tena nilikuta kisiki tu, na mahali palipokuwa na shamba la kijito kuna maduka, muziki unapigwa tangu asubuhi. Vitawi vya kushikanisha wazee hakuna tena. Vijana wetu wananunua mkuyu wa mbali uliopandwa kwenye mfuko, hawajui hata kwamba mti huu kwetu ulikuwa wa makaburi. Simsim inasagwa kwa mashine. Hakuna anayepiga magoti kuisaga, na nyimbo zile za mama sizikumbuki hata mstari mmoja.

Basi, nikiwa nimekaa pale sebuleni, nilijua la kufanya na mti. Kidole changu kilizama kwenye tope, doa lilikuwa katikati ya jani, laini. Ningeweza kuutibu mwenyewe wakati binti yuko sokoni, na ungepona, na jirani wa Adumi angekuja kuona, angesema, eeh, tangu ulipomkataza kuugusa. Ndiyo maana sikuugusa. Nilingoja kijana wangu arudi, nikamwita jirani na chai nikamwahidi, nikamwita mke wa kijana wangu akae juu ya kiti na si jikoni. Nikauvuta mti mbele yao.

Kumbe kile chungu kizuri cheupe hakina tundu. Mti uko ndani ya ndoo yake, na ndoo imekaa ndani ya chungu kama mtu aliyekaa kwenye beseni. Maji ya chini yalikuwa meusi, na harufu ile, rafiki yangu, ilinirudisha Koboko mzima mzima. Nikauliza ni nani anaumwagilia. Kijana akasema yeye humalizia glasi yake ya usiku humo. Mimi nikasema nami naumwagilia kila nikimaliza sala ya asubuhi. Jirani akakohoa. Mwisho akasema kwamba yeye, kwa kuwa sebule haina uwanja, machicha ya chai huwa anayatia humo humo, ni mbolea.

Mke wa kijana wangu akasema yeye huumwagilia Jumamosi tu, kama muuza miche alivyomwagiza. Akaongeza, kumbe siku ile alisikia kutoka jikoni, "Lakini mkono wangu mzito, labda ndiyo maana maji yake yanazama." Jirani akacheka kwa kukosa njia nyingine.

Nikasimama. Nikasema, mbele yao, na mti bado unanuka na majani bado ya kahawia, kwamba swali nililomuuliza lilikuwa baya, kwamba wenye kosa ni sisi watatu na si yeye, na kwamba mti ukifa au ukipona neno hili litabaki hivyo hivyo. Yeye akainama akaokota jani moja sakafuni, akaligeuza. Akauliza kama madoa yatarudi kuwa kijani.

Nikamwambia hapana. Jani lililoharibika halirudi. Tutalikata tungoje lingine.

Tukakata mizizi pamoja, yeye akishika mti na mimi kisu, kijana akatumwa mchanga na changarawe. Ndoo ina matundu sasa, na chungu kizuri tunawekea viazi. Jirani alipomaliza chai akainua kikombe akatafuta mahali pa kumwaga, na mke wa kijana wangu akakipokea mkononi mwake, akakipeleka jikoni.

Nikiandika haya, mti bado ni mgonjwa. Umebaki na majani machache juu, na sijui kama utapona. Masufuria yanagongana jikoni. Binti bado yuko.